Servisi ya pikipiki ya delivari: ufanye mwenyewe au umlipe fundi?

Boss, pikipiki ikinoki njiani, mteja wa "nalipa mzigo ukifika" hakusubiri. Mimi nimegawa kazi hivi:

✅ Nafanya mwenyewe: kumwaga oili (injini ikiwa vuguvugu, sio ya moto), kusafisha cheni na kuipaka oili, kusafisha plagi, kuangalia upepo na breki kila asubuhi.

🔧 Namwachia fundi: valvu, klachi, kabureta, beringi. Ukikosea hapo unalipa mara mbili.

Piga hesabu ya muda pia. Kama pesa ya ufundi ni ndogo kuliko faida ya oda utakayoiacha, mlipe fundi. Ila oili nunua mwenyewe, usimame uone ikimwagwa.

Na gharama ya servisi iingie kwenye bei ya delivari, isile faida yako. Wewe unafanya ipi mwenyewe? 👇