Mwanamke wa Shaba wa Sumhuram

Kilomita kama 1,000 kutoka hapa Ruwi, karibu na Taqah huko Dhofar, kuna magofu ya bandari ya Sumhuram. Miaka ya 1950, msafara wa Mmarekani Wendell Phillips ulifukua humo kisanamu cha shaba cha mwanamke, kazi ya mafundi wa India.

Kilifikaje? Mfanyabiashara mmoja wa karne ya 1, aliyeandika kwa Kigiriki, anasimulia kuhusu bandari ya Moscha, ambayo wataalamu wengi wanaamini ndiyo Sumhuram. Vyombo vya India vilivyochelewa msimu vilibaki huko, mabaharia wakibadilisha nguo, ngano na mafuta ya ufuta kwa ubani. (Naam, ubani huu huu anaoufukiza bibi!) Huenda kisanamu kililetwa na mmoja wao. Mwandishi huyo anataja pia Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Muulizeni babu: kaskazi huvuma miezi gani?