Tuzo za Televisheni za Lagos na Ushiriki wa Nchi Jirani



Tarehe 1 Septemba, 2018, mjini Lagos, Nigeria, filamu ya Kenya iitwayo "18 Hours" ilitangazwa kuwa filamu bora kuliko zote katika mashindano ya tuzo za Africa Magic Viewers' Choice, ambazo kwa kifupi huitwa AMVCA. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu iliyotengenezwa Kenya kuitwaa tuzo hiyo ya juu. Katika sherehe hiyo hiyo, filamu ya Uganda iitwayo "Devil's Chest", iliyoongozwa na Hassan Mageye, ilitangazwa kuwa filamu bora ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo nchi mbili jirani zilirudi na heshima kutoka katika uwanja ambao kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ni wa wenyeji wa Afrika Magharibi.

Wako watu wanaodhani kwamba mashindano ya namna hii ni anasa ya wasanii, isiyomhusu askari aliye kambini wala polisi aliye barabarani. Dhana hiyo si sahihi. Filamu zote mbili zilizoshinda zilihusu kazi ambazo askari huzifahamu: ya Kenya ilihusu majeruhi wa ajali ya barabarani, na ya Uganda ilihusu vita vya waasi wa kundi la Lord's Resistance Army. Ni vyema basi kueleza jinsi kazi ya televisheni inavyoingizwa katika mashindano hayo, ni nani wanaoamua, na faida yake kwa taifa ni nini.

Kwanza, historia. Televisheni ilianza Nigeria mwaka 1959, katika mji wa Ibadan. Kenya ilifuata mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Katika nchi zote hizo mitambo ilitangulia kabla ya vipindi. Nchi ilinunua mitambo ya kurushia picha, lakini haikuwa na mafundi wa kutosha, wala fedha, wala kamera za kutengeneza vipindi vyake yenyewe. Matokeo yake ni kwamba saa nyingi za matangazo zilijazwa na filamu za Ulaya na Marekani. Mtoto wa Kiafrika aliwajua polisi wa miji ya ng'ambo kabla ya kumwona polisi wa nchi yake katika hadithi yoyote.

Hali ilianza kubadilika pale Wanigeria walipoanza kutengeneza filamu zao kwa wingi na kwa gharama ndogo. Mwaka 2003 ilianzishwa stesheni ya Africa Magic, chini ya kampuni ya MultiChoice ya Afrika Kusini, kwa ajili ya kuonyesha kazi za Waafrika. Mwaka 2014 watazamaji wa Afrika Mashariki walipata stesheni ya Maisha Magic, yenye vipindi vya Kiswahili. Kati ya miaka hiyo, tarehe 9 Machi, 2013, tuzo za AMVCA zilitolewa kwa mara ya kwanza mjini Lagos, na zikapokea kazi za filamu na za televisheni kutoka sehemu mbalimbali za bara la Afrika.

Je, kazi huingiaje mashindanoni? Haiingii kwa sifa wala kwa kujuana. Waandaaji hutoa tangazo la wazi, na katika tangazo hilo hutaja tarehe mbili. Ni lazima kazi iwe imeonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza kati ya tarehe hizo. Filamu iliyotangulia haipokelewi hata iwe nzuri namna gani, na iliyochelewa husubiri mwaka mwingine. Mtengenezaji hujaza fomu kwa njia ya mtandao, hutaja kundi analotaka kushindania, na hutoa nakala ya kazi yake ili ikaguliwe.

Hapo ndipo wengi hukwama. Katika mashindano ya kimataifa, mtengenezaji hutakiwa aweze kuthibitisha kwamba kazi ni mali yake. Kama ametumia muziki wa mtu mwingine bila ya ruhusa, au kama hakuandikiana mkataba na mwandishi wa hadithi, kazi yake inaweza kukataliwa. Kama wahusika wanasema Kiswahili, lazima yawekwe maandishi ya tafsiri chini ya picha ili waamuzi wasiojua lugha hiyo waweze kufuata. Majina ya mpiga picha, fundi wa sauti, mhariri na mshonaji wa mavazi lazima yaandikwe sawasawa, kwa sababu kila mmoja wao anaweza kushindania tuzo ya fani yake. Askari anaelewa jambo hili kwa urahisi. Siku ya ukaguzi, shujaa na mvivu hukaguliwa kwa daftari moja, na silaha isiyoandikwa katika daftari hilo huhesabiwa kuwa haipo.

Baada ya kazi kupokelewa, hufuata hatua ya hukumu, na hukumu hiyo ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa jopo la waamuzi, yaani watu wenye ujuzi wa fani. Hao hutazama mambo ya ufundi kama vile mwanga, sauti, uhariri na uongozaji. Mlango wa pili ni wa watazamaji wenyewe, ambao kwa miaka mingi wamepewa nafasi ya kupiga kura katika baadhi ya makundi, hasa yale ya waigizaji. Ndiyo maana jina la tuzo hizo lina neno linalotaja chaguo la watazamaji.

Kila mlango una faida na kasoro yake. Kura ya watazamaji humpa mwananchi wa kawaida sauti, lakini hupendelea nchi yenye watu wengi. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200. Kenya, kwa hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu milioni 47.6, na Tanzania, kwa hesabu ya mwaka 2022, ilikuwa na watu milioni 61.7. Kama kila jambo lingeamuliwa kwa kura peke yake, nchi ndogo zingekwenda Lagos kupiga makofi na kurudi. Waamuzi kwa upande wao huweza kuhukumu bila ya kujali wingi wa watu, lakini nao ni binadamu, na huweza kupendelea mtindo wa kazi waliouzoea. Kuchanganya njia hizo mbili hakuondoi kasoro zote, ila kunazuia upande mmoja usiumeze upande wa pili.

Kwa sababu hiyo yaliwekwa pia makundi ya kanda na ya lugha. Lilikuwako kundi la filamu bora ya Afrika Mashariki, na lilikuwako kundi la kazi bora ya lugha ya Kiswahili, pamoja na makundi ya Kihausa, Kiyoruba na Kiigbo. Makundi hayo yamekuwa na maana kubwa kwa Tanzania. Katika sherehe za mwezi wa Machi, 2016, Elizabeth Michael, ajulikanaye kwa jina la Lulu, alipata tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa filamu "Mapenzi ya Mungu". Naye Single Mtambalike, ajulikanaye kwa jina la Richie, alipata tuzo ya lugha ya Kiswahili kwa filamu "Kitendawili". Ushindi huo ulionyesha kwamba kazi iliyotengenezwa Dar es Salaam, kwa lugha ya wananchi wenyewe, inaweza kusimama katika ukumbi wa Lagos bila ya kuvaa nguo ya kuazima.

Hata hivyo, ushindi wa Kenya wa mwaka 2018 una jambo la pekee. Filamu ya "18 Hours" haikupata tuzo ya kanda. Ilishinda kazi za bara zima. Iliongozwa na Kevin Njue, na miongoni mwa watayarishaji wake alikuwemo Phoebe Ruguru. Haikutumia majumba ya fahari wala magari ya kifahari. Sehemu kubwa ya hadithi yake hutokea ndani ya gari la wagonjwa, ambamo kijana mhudumu, mgeni katika kazi, anapigania uhai wa majeruhi ambaye hospitali hazimpokei.

Hadithi hiyo ilitokana na tukio la kweli. Mwezi wa Oktoba, 2015, mwananchi mmoja wa Kenya aligongwa na gari ambalo dereva wake alikimbia. Majeruhi huyo alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18, akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki dunia. Wakati huo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuwa tayari imetamka, katika kifungu cha 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2017 sheria mpya ya afya ya nchi hiyo iliifanya haki hiyo kuwa na nguvu zaidi, kwa kuweka adhabu kwa kituo cha tiba kitakachomkatalia mgonjwa wa dharura. Sheria hiyo ilitangulia tuzo ya Lagos, kwa hiyo haifai kusema kwamba tuzo ndiyo iliyoleta sheria. Lakini sheria hukaa katika vitabu, na watu wengi hawavisomi. Filamu huingia majumbani. Tuzo iliipeleka filamu hiyo mbele ya watazamaji wa nchi ambazo hazikuwahi kusikia habari za majeruhi yule.

Hapo askari wa usalama barabarani ana funzo la moja kwa moja. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufika penye ajali. Ndiye anayesimamisha gari, anayezuia watu wasimzonge majeruhi, na anayeamua kwa dakika chache apelekwe wapi. Filamu inayoonyesha jinsi saa zinavyopotea mlango baada ya mlango inamkumbusha kwamba kazi yake haimaliziki kwa kuandika namba za magari na kupima alama za matairi.

Filamu ya Uganda nayo ina funzo lake kwa wanajeshi. Vita vya kundi lililoongozwa na Joseph Kony vilianza kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1980. Maelfu ya watoto walitekwa na kulazimishwa kubeba silaha, na mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilitoa hati za kumkamata Kony na baadhi ya wakuu wake. Mwanajeshi anayekutana na mtoto mwenye bunduki anakutana na adui na mateka katika mwili mmoja. Taarifa ya operesheni haiwezi kueleza jambo hilo kikamilifu, lakini hadithi iliyotengenezwa vizuri huweza.

Pamoja na sifa hizo, iko haja ya tahadhari. Tuzo za Lagos ni mali ya kampuni ya biashara, na stesheni zake hutazamwa na wale wanaolipia. Mwaka 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa iliichukua MultiChoice. Maana yake ni kwamba uwanja mkubwa wa kupimia kazi za televisheni za Kiafrika umo mikononi mwa wenye mtaji, na tena wenye mtaji wa nje ya Afrika. Mwenye uwanja ndiye mwenye filimbi. Anaweza kuongeza kundi la Kiswahili, na anaweza kulifuta. Haifai kwa nchi yoyote kutegemea kipimo cha jirani peke yake.

Jambo hilo nchi jirani zimelitambua. Kenya ilianzisha tuzo zake za Kalasha mwaka 2009, chini ya Tume ya Filamu ya nchi hiyo, na tuzo hizo hupokea kazi za filamu na za televisheni. Uganda ilianzisha tamasha lake la filamu mwaka 2013, chini ya Tume ya Mawasiliano. Mashindano ya nyumbani ni kama uwanja wa mazoezi. Mtengenezaji hujifunza kujaza fomu, kutunza mikataba na kuheshimu tarehe, na hukosolewa na watu wanaoijua lugha yake na maisha yake. Akitoka hapo, huenda ugenini akiwa amekwisha kupimwa.

Kwa hiyo ushindi wa jirani usitazamwe kwa kijicho. Kenya haikushinda kwa wingi wa fedha wala wa kura. Ilishinda kwa kuchagua jambo zito lililowagusa wananchi wake, kulieleza kwa ufundi, na kulifikisha penye hukumu kwa wakati na kwa kanuni zilizowekwa. Yuko majeruhi mmoja aliyesubiri saa 18 na asipate kitanda. Kilio chake kimesikika hadi Lagos kwa sababu wako watu walioona kwamba kifo hicho hakistahili kupita kimya. Wenye kamera, wenye bunduki na wenye daftari la ajali, kila mmoja katika zamu yake, wana wajibu wa kuhakikisha kwamba majeruhi anayefuata hasubiri muda kama huo.