Delamere: mlowezi aliyetaka Uganda ifungwe nira moja na Kenya

Abiria wa basi la Kampala kwenda Nairobi akikaribia Nakuru, Njoro haiko mbali. Wachache wanajua kwamba hadi 1902 Njoro, Nakuru na Naivasha zilikuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuchukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauunganisha na himaya ambayo leo ni Kenya.

Mwaka 1903 Hugh Cholmondeley, Lord Delamere, akapewa Njoro ekari 100,000 kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 1904 Wamaasai wakaanza kuondolewa Bonde la Ufa kupisha walowezi.

Ukulima haukumwendea Delamere vizuri. Malisho ya Njoro yalipungukiwa madini, kondoo wake wakadhoofika wakafa. Ng'ombe walikufa kwa ndigana, ngano ikaliwa na kutu. Hakukata tamaa: alitafuta mbegu zinazostahimili kutu, na mwaka 1908 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Unga.

Lakini Delamere alikuwa mwanasiasa kabla ya yote. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907 akawa kinara wa walowezi, akitaka utawala ubaki mikononi mwao. Mwaka 1925 aliwakusanya wenzake Tukuyu, Tanganyika, kupanga jinsi walowezi wa kanda hii watakavyoshikamana. Hoja ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika ikapamba moto.

Hapo ndipo Uganda ilipokuwa hatarini. Huku, Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulikuwa umeitambua ardhi ya mailo, na pamba ya wakulima wadogo ilikuwa ikilisha hazina ya serikali. Mkataba huo haukuwa wa haki kwa wote: machifu walipata maili za mraba, wapangaji wakabaki na kodi, hadi sheria ya 1928 ilipoiwekea kikomo. Hata hivyo, Kabaka Daudi Chwa wa Buganda na baraza lake, Lukiiko, walijua kuwa chini ya muungano wa walowezi hata hicho kidogo kingeponyoka. Wakapinga kwa maandishi. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, alisimama mbele ya kamati ya Bunge mjini London akaeleza kwa nini watu wake hawautaki. Kamati ikaamua wakati wa muungano haujafika. Novemba mwaka huohuo Delamere akafariki.

Nairobi ilimpa barabara na sanamu. Sanamu iliondolewa, barabara sasa ni Kenyatta Avenue. Kulubya baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Kampala, lakini vijana wengi hawamjui. Walimu wa historia, mfundisheni. Ardhi tunayogombania leo mahakamani ilibaki ya kugombaniwa sisi kwa sisi kwa sababu watu kama yeye walikataa mapema.