MAGAMBA YA MTO: NAMNA YA KUOKOTA NA KUSAFISHA



Juma lililopita bweni la wadogo lilinuka sana. Tulidhani panya amekufa. Kumbe chini ya kitanda kimoja kulikuwa sanduku la konokono na kome, waliotolewa kijitoni wakati wa kuzamia. Sikutoa azabu. Nimeona afazali kueleza kazi yenyewe, maana kuokota magamba si kosa. Hata wenye elimu waliyakusanya: mwaka wa 1927 Pilsbry na Bequaert walitoa kitabu kikubwa huko Marekani juu ya wanyama wa magamba wa mito ya Kongo.

Gamba ni nyumba ambayo mnyama anaijenga kwa chokaa. Juu ya hiyo usitie ndimu wala siki, zinakula chokaa. Fanya hivi:

1. Okota gamba tupu tu, penye mchanga mkavu, wakati maji yameshuka. Mnyama aliye hai umwache.

2. Hata lile tupu laweza kuwa na nyama kidogo ndani. Chemsha dakika 10, kisha liache lipoe pole pole. Ukilitupa katika maji baridi, litapasuka.

3. Toa nyama kwa pini, ukizungusha kufuata gamba. Inayobaki, waachie sisimizi.

4. Sugua kwa sabuni na mswaki wa zamani. Anika kivulini, halafu paka mafuta kidogo.

Sasa neno kubwa. Katika maji yaliyotulia, konokono wengine wanabeba bilharziozi. Wadudu wadogo sana wanatoka ndani ya konokono, wanaogelea, wanapenya ngozi ya mtu. Mtu huyo akienda choo mtoni, mayai yanaingia majini, na konokono wanaambukizwa tena.

Si habari ya mbali. Chesterman, munganga wa misheni ya Kibatisti kule Yakusu, aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka wa 1923. Mwaka wa 1934 Fisher aliandika juu ya ule wa wilaya ya Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu, na mdudu wake akaitwa Schistosoma intercalatum. Huyu anashika matumbo: mayai yanatoka katika choo kikubwa, si katika mkojo.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwaka wa pili, nilizamia vile vile. Nikaona damu chooni, nikanyamaza miezi miwili kwa haya. Mwishowe munganga alipima choo, akanipa vidonge vya prazikwanteli, nikapona. Kumbe ile haya ilinitesa bure.

Basi, gamba kavu halina hatari. Maji ndiyo yenye hatari. Hapana kuzamia kijitoni juu ya gamba. Na mwenye kuona damu aje kuniambia. Sitaandika jina lake katika kitabu cha makosa.

Magamba ya sanduku lile yamekwisha kuchemshwa. Mwenyewe aje ayachukue, lakini apite kwanza dispanseri.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa mwisho