MPIRA WA WAMAREKANI: WA VYUO NA WA MSHAHARA

Muhula uliopita, baada ya mazoezi ya jioni, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinijia akiwa na viatu vyake mkononi. Alikuwa amesikia kwamba huko Marekani vijana walio bado chuoni hulipwa fedha kwa kucheza mpira. Akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa wenzetu wanalipwa huku wakisoma, mbona sisi tunaambiwa kila siku vitabu kwanza, mpira baadaye?" Nilimjibu kwa maneno machache, maana kengele ya chakula ilikuwa imekwisha lia. Lakini swali lile lilistahili jibu refu zaidi, nami namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi katika gazeti letu.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi si mwamuzi asiyependelea. Nilikaa miaka minne katika jimbo la Ohio kwa masomo, na huko nikashikwa na mapenzi ya mpira wa Wamarekani. Mapenzi hayo hayajaniacha mpaka leo.

Mchezo Wenyewe

Mpira huu si kama soka yetu. Ni ndugu wa raga. Mpira wenyewe ni mfano wa yai lililochongoka ncha zote mbili. Kila upande una watu 11. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kitu, na kila mwisho kuna kipande kingine cha yadi 10. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine; ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Kuufikisha mpira katika kile kipande cha mwisho ni pointi 6. Kuupiga teke ukapita kati ya nguzo mbili ni pointi 3. Mchezo una robo nne za dakika 15, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, hata mtazamaji hukaa saa tatu na zaidi.

Siku ya kwanza niliona ni fujo tupu. Watu wanakimbia hatua tano, wanaangushana, kisha wanasimama kushauriana. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaniambia nisiufuate mpira kwa macho, bali niwatazame wale watu wakubwa watano wa mbele, ambao kazi yao si kukimbia na mpira bali kuwazuia wapinzani ili mwenzao apate njia. Nilipofanya hivyo nikaanza kuelewa. Kila jaribio ni shauri lililopangwa, kila mtu ana kazi yake, na mmoja akizembea kazi ya wenzake kumi huharibika.

Ulianzia Vyuoni

Katika nchi nyingi klabu za mji ndizo zinazokuza michezo mikubwa. Marekani ilikuwa kinyume chake: mpira huu ulizaliwa vyuoni. Tarehe 6 Novemba 1869, wanafunzi wa Rutgers walicheza na wanafunzi wa Princeton katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Kila upande ulikuwa na watu 25, na Rutgers walishinda 6 kwa 4. Mchezo wa siku ile ulifanana zaidi na soka. Baadaye, katika miaka ya 1880, Walter Camp wa chuo cha Yale aliongoza mabadiliko yaliyoleta watu 11 kila upande na utaratibu wa kuhesabu majaribio.

Ulikuwa mchezo wa kikatili. Mwaka 1905 magazeti yalihesabu vijana 18 waliokufa kwa sababu yake. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe aliupenda, aliwaita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton waje kushauriana naye. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, na wachezaji wakaruhusiwa kuutupa mpira mbele kwa mkono, jambo lililopunguza msongamano wa watu kupondana mahali pamoja. Mwaka huo huo wa 1906 kiliundwa chama cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA.

Mpira wa mshahara ulikuja nyuma, tena kwa mlango wa uani. Mwaka 1892 William Heffelfinger, aliyekuwa amepata sifa kubwa huko Yale, alilipwa dola 500 ili aichezee klabu ya Allegheny mechi moja. Ligi yenyewe iliundwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, Ohio, ndani ya duka la kuuzia magari. Mwaka 1922 ikapewa jina la NFL, na sasa ina timu 32.

Kwa miaka mingi watu waliosoma waliidharau ligi ile. Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa mchezaji wa kwanza kupewa tuzo iitwayo Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1935. Mwaka 1936 timu za mshahara zilipoanza utaratibu wa kuchagua vijana kwa zamu, yeye ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa. Akakataa, akaenda kufanya kazi nyingine. Chuo chake nacho kiliamua mwaka 1939 kuacha mpira mkubwa, kwa kuona kwamba unawapotosha wanafunzi na kusudi la chuo. Kilirudi kucheza miaka 30 baadaye, katika ngazi ndogo isiyo na makelele.

Tofauti za Namna Mbili

Mtu akiziona timu hizi kwa mbali atadhani mchezo ni mmoja. Lakini kuna tofauti. Katika mpira wa vyuo, mdakaji akiukamata mpira pembeni, mguu mmoja ndani ya mstari unatosha. Kwa wa mshahara lazima miguu yote miwili iguse ndani. Chuoni mwenye mpira akipiga goti chini, jaribio limekwisha hata kama hakuguswa na mtu. Kwa wa mshahara anaweza kuinuka akaendelea mpaka mpinzani amguse.

Tofauti kubwa zaidi ni ya watu. Wa mshahara ni mafundi. Hawakosei mara nyingi, na timu zao hazipitani sana, kwa sababu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya. Huo ni utaratibu wa haki, nami nausifu. Katika mpira wa vyuo, kijana wa miaka 19 anaweza kufanya maajabu sasa hivi na kuudondosha mpira dakika ijayo.

Hata hivyo moyo wangu uko kwa wa vyuo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliofunguliwa mwaka 1927, una nafasi za watu zaidi ya 107,000, na hakuna timu ya mshahara yenye viti vingi hivyo katika uwanja wake wa kawaida. Nilikwenda huko siku moja walipocheza na Ohio State, mahasimu wao tangu 1897. Niliona babu, mwana na mjukuu wamekaa pamoja, wote watatu wamevaa rangi za chuo. Wakati wa mapumziko bendi za wanafunzi huingia uwanjani; ile ya Ohio State tangu 1936 huandika neno Ohio kwa safu ya wapigaji wanaotembea. Timu ya mshahara ikiona faida yaweza kuhamia mji mwingine, na imetokea mara nyingi. Chuo hakihami. Ndiyo maana watu wanasema "sisi tumeshinda," hata mzee aliyemaliza masomo miaka 50 iliyopita.

Nililoliona kwa Karibu

Sasa nieleze upande wa pili. Ili kupata fedha za matumizi, nilifanya kazi ya kuwasaidia wanafunzi hesabu katika chuo kimoja. Mmoja wao alikuwa mchezaji, kijana mpole mwenye mabega kama mlango. Alikuja kwangu jioni akiwa amekwisha fanya mazoezi alfajiri, masomo mchana, na mazoezi tena. Mara mbili alisinzia kalamu ikiwa mkononi. Aliniambia alitaka kusoma uhandisi, lakini wasimamizi wake walimshauri achukue masomo mepesi yasiyogongana na safari za timu. Ada na chakula alipewa bure, ila mshahara hakuwa nao, kwa kuwa sheria za wakati ule zilimkataza. Uwanja alimochezea ulijaa watu waliokata tiketi, nami nikiwa mmoja wao.

Katika mwaka wake wa pili goti lilivunjika. Nilikuwapo. Alitolewa akibebwa, tukampigia makofi. Jumamosi iliyofuata mwingine alisimama mahali pake, na mimi nilishangilia kama kawaida. Nilikumbuka habari zake Jumatatu tu, alipoingia na magongo chumbani mwetu cha hesabu, akiwa na daftari lilelile. Aibu niliyoiona siku ile sijaisahau. Nilikuwa nasema "sisi tumeshinda," lakini goti lilikuwa lake peke yake. Alimaliza shahada yake akiwa amechelewa mwaka mmoja, kwa sababu alianza upya hesabu alizoambiwa aziache.

Mabadiliko ya Siku Hizi

Wamarekani wenyewe waliliona jambo hili. Mwezi Juni 2021 Mahakama Kuu ya nchi, majaji wote 9 wakikubaliana, iliamua kwamba NCAA haiwezi kuwawekea wachezaji mipaka katika misaada inayohusu masomo. Tangu Julai 1 mwaka huo wanafunzi wanaruhusiwa kupokea fedha za matangazo kwa kutumia majina yao. Mwezi Juni 2025 mahakama nyingine ilikubali mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kiwango cha juu kiliwekwa kuwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo, kwa michezo yote.

Basi alichosikia yule mwanafunzi wetu ni kweli. Nami naona ni haki: mtu akijaza uwanja, asitoke mikono mitupu. Lakini tufanye hesabu. Timu za mshahara ni 32, na kila moja huandikisha wachezaji 53 kwa mashindano. Hizo ni nafasi 1,696 tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, na nyingi tayari zina wenyewe. NCAA yenyewe hukadiria kwamba katika wachezaji 100 wanaomaliza vyuo, hawafiki wawili wanaoingia huko. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka katika raga, alichukuliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, jambo la kujivunia. Naye alicheza mechi chache tu.

Tena kuna kichwa. Mwaka 2002 Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa Pittsburgh Steelers aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuteseka kwa kupotewa na akili. Akakuta ubongo umeharibika kwa namna inayotokana na kugongwagongwa kichwa miaka mingi. Wakubwa wa ligi walimpinga kwa muda mrefu, lakini leo jambo hilo halibishaniwi tena. Kofia ngumu hulinda fuvu. Ubongo ndani yake hutikisika vilevile.

Jibu Langu

Myron Rolle alikuwa mlinzi wa timu ya Florida State. Tarehe 22 Novemba 2008 alikuwa na mechi Maryland, na siku hiyohiyo aliitwa Alabama kuhojiwa kwa ajili ya msaada wa masomo wa Rhodes, unaopeleka vijana Oxford. Alikwenda kwanza kwenye mahojiano, akashinda, kisha akapanda ndege akawakuta wenzake mechi ikiendelea. Timu ya mshahara, Tennessee Titans, ilimchagua mwaka 2010, lakini hakupata kucheza hata mechi moja rasmi ya ligi. Mpira ulipomwacha, alikuwa na pa kwenda. Akasomea udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo.

Kwa hiyo, mwanangu wa Kidato cha Pili, jibu langu ni hili. Sikukatazi mpira, mimi mwenyewe nitakuja kukutazama Jumamosi. Ukilipwa siku moja, pokea, ni jasho lako. Lakini malipo ya mchezaji hukaa katika goti, na goti ni kitu kidogo. Elimu hukaa mahali ambapo refa hawezi kuitoa.

Nanyi wazazi, na sisi walimu, tuna neno letu pia. Tusiwe watu wa kupiga makofi tu. Kijana akituletea kikombe, tumuulize na daftari liko wapi; akikosa vipindi kwa ajili ya safari ya timu, sisi tuliompeleka ndio tunaodaiwa kumrudishia vipindi hivyo. Nimekwisha mwomba Mwalimu wa Michezo orodha ya wachezaji wetu. Kila Jumatatu jioni, saa kumi na moja, nitakuwa katika chumba cha Kidato cha Tatu kwa hesabu za wale waliosafiri. Waje na madaftari yao, na mwenye usingizi nitamwamsha.

Mwalimu wa Hesabu