Nyumba ya Mawe Yataka Kuhema

Apitaye Ndia Kuu au Kibokoni siku hizi hakosi kuona nyumba inayokarabatiwa. Mlango wa nakshi umesuguliwa ukapakwa mafuta, roshani imetiwa mbao mpya, na mgeni apigaye picha huondoka ameridhika. Lakini kazi yenyewe iko ndani, na ndiko nyumba nyingi zinakouawa na watu wenye nia njema.

Mji wa Kale ulifanywa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa. Mtu hang'oi roshani apendavyo. Lakini afisa hawezi kukaa sebuleni na fundi kutwa nzima.

Yafaa tukumbuke nyumba hizi zilivyojengwa. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuuni, na unene wake hufika nusu mita. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyopondwa. Boriti ina kikomo cha urefu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake aghalabu hauzidi mita tatu. Kwa lugha yetu washairi, boriti ndiyo mizani ya nyumba. Leo huja mchoraji na picha za kumbi za Dubai, ataka ukuta wa kati uvunjwe. Ukuta huo ndio uliobeba ghorofa!

Kisha kuna saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu wa ardhi na kuutoa nje kupitia chokaa. Ukiupaka saruji na rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu pamoja na chumvi, lipu ikafura na kubanduka mapande, na nyuma yake chokaa ya kale imekuwa unga. Na dawa atafutayo mwenye nyumba ni nini? Saruji zaidi.

Juzi niliitwa Kibokoni kusikiliza mabishano ya namna hii. Kijana aliyerudi kutoka Ghuba alitaka dari ya jipsamu yenye taa za kujificha. Fundi, mzee wa chokaa, alikataa.

"Mwanangu, ukishaificha boriti, mchwa ataila nawe umelala chini yake."

"Basi, ami, tuishi kama zama za babu?"

Mama mwenye nyumba akawakata kauli wote wawili. "Hizo boriti zenu nyinyi na huyu mshairi wenu. Mimi ndimi nipikaye. Nataka maji ya mfereji jikoni, na sinki nisiloliinamia. Mgongo umechoka!"

Haki ilikuwa kwake. Sisi wapenda mambo ya kale twasahau kuwa uzuri wa nyumba zile ulibebwa na migongo ya wanawake na watumishi, tena ndoo kwa ndoo. Jiko likafanywa jipya kabisa. Mabomba yakapitishwa nje ya ukuta yasichimbiwe ndani, ili yakivuja yaonekane. Vigae vikawekwa nyuma ya sinki tu, pengine pote chokaa. Boriti zikaachwa wazi, na kijana akapata taa zake ndani ya vidaka, mahali ambapo zamani paliwekwa sahani za kaure. Nakiri zimependeza.

Boriti tatu zilikuwa zimeoza. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nchi za nje tangu 1982, na hata hapa kwetu mikoko haikatwi bila ya kibali. Kuzipata kulichukua muda kuliko kazi ya jiko lote.

Juu bado mvua yaingia. Nyumba ni ya mirathi, warithi ni saba, na wawili kati yao wanaona heri iuzwe kuliko kuchangia paa.