Desa Langu, Mali ya Nani?

Muhula uliopita, kabla hatujaenda mazoezi ya kufundisha, niliandaa kijitabu cha kurasa 24 cha kufundishia Jiografia kidato cha kwanza. Maelezo niliyaandika mwenyewe, usiku kwa usiku. Michoro ya mto na volkano niliiagiza kwenye programu ya akili mnemba. Nikauza nakala chache maana bumu lilikuwa limekata.

Wiki mbili baadaye nikakikuta kinauzwa kwenye duka moja la kutolea kopi, jina langu limefutwa. Kulalamika, jamaa akanijibu: "Si umechorewa na kompyuta? Hiyo haina mwenyewe."

Iliniuma, lakini ikanilazimu nisome. Nilichokipata ni hiki.

Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna ulivyolieleza. Volkano ni ya wote. Sentensi zangu kuhusu volkano ni zangu. Wala si lazima usajili kwanza. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, haki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe. Na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtaja mtunzi kuwa ni mtu, binadamu aliyeibuni kazi.

Sasa mashine ikichora, mtunzi nani? Marekani walishakutana na kesi kama yangu. Kristina Kashtanova alitoa kitabu cha katuni, Zarya of the Dawn, hadithi yake, picha za Midjourney. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya huko ikaamua: maandishi na mpangilio ni vyake, picha moja moja hapana. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington nayo ikamkatalia Stephen Thaler, aliyetaka mashine yake itambuliwe kuwa mtunzi wa picha.

Si kila nchi inafuata njia hiyo. Sheria ya Uingereza ya 1988 inasema kazi iliyotolewa na kompyuta ni ya yule aliyefanya maandalizi yaliyoiwezesha. Sheria ya Kenya ina kifungu kinachofanana na hicho.

Kwa hiyo yule jamaa alikuwa na nusu ya hoja. Kwa kipimo cha Marekani, angeweza kuchukua mchoro wa volkano nisiwe na la kusema. Ila maelezo, mazoezi na mpangilio wa mada ni jasho langu, na hayo ndiyo aliyoyauza.

Kuna upande wa pili unaoninyima usingizi. Programu ile ilijifunza kuchora kwa kupitia kazi za watu wengine. Desemba 2023 gazeti la New York Times liliwashtaki OpenAI na Microsoft kwa kutumia makala zake kufundishia mashine. Huenda mto wangu ulitokana na mkono wa mchoraji ambaye naye hakuulizwa. Nalilia desa langu, je, la mwenzangu?

Walimu watarajiwa wenzangu, tunzeni rasimu zenu zenye tarehe, ndizo ushahidi. Mkitumia mashine, andikeni wazi ilifanya nini.

Toleo la pili nimechora kwa mkono. Volkano imeegemea upande kidogo, lakini safari hii hakuna wa kuniambia haina mwenyewe.